Nani Ananyonya Betri Yangu?

Jumatatu, 5 Mei

Leo nimejua. Kuna mtu ananyonya betri yangu.

Alfajiri simu ilikuwa imejaa mia kwa mia, nimeiona kwa macho yangu. Saa sita mchana, giza. Na sijaifanyia kazi yoyote! Niliwasha tochi wakati wa kukamua, nikaisahau kidogo mpaka chai ya saa nne. Data huwa sizimi, mtu mkubwa hazimi data. Mwangaza wa skrini nimeuweka juu kabisa ili watu wajue hii si simu ya juzi. Halafu nikachungulia WhatsApp ya mke wa jirani yangu Kipkurui mara kadhaa, kuona kama yuko hewani. Hiyo si kazi. Huo ni ulinzi.

Jambo lenyewe ni kubwa. Jumamosi wakulima wa sentaa yetu ya kupimia majani chai, hapa Boito, wanachagua mwenyekiti. Mvua imeharibu barabara, lori ya kiwanda inakuja saa inayotaka, na mwenyekiti ndiye anapigiwa simu na dereva ili awaite watu. Asipopatikana, lori inapita, majani yanabaki kwenye gunia, yanapata joto, yanageuka mekundu, na jasho la watu wote linatupwa shimoni. Mimi kama katibu ndiye nashika kazi hiyo tangu mwenyekiti wetu augue. Wiki iliyopita simu yangu ilizima karibu kila siku na bado watu waliiwahi lori. Mungu anapenda Boito.

Sasa leo Kipkurui naye anataka kiti. Amesema mbele ya watu kwamba mtu ambaye simu yake inakufa saa sita hawezi kuongoza. Yeye ana kabambe, ile simu ndogo ya vibonye, anaichaji baada ya kanisa na inamfikisha kanisa la Jumapili nyingine. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia alivyosimama karibu na mfuko wangu. Karibu sana! Betri yake haiishi, yangu inaisha. Hata mtoto wa nasari anaweza kujumlisha hapo.

Jumanne, 6 Mei

Nimesimama mbali na Kipkurui siku nzima. Alipokuja kunisalimia nikamsalimia kutoka ng'ambo ya barabara. Simu imekufa vilevile. Basi ananyonya kutoka mbali! Huyu mtu amesomea wapi?

Nimempelekea Phanice, fundi wa simu hapo sokoni. Akaigusa, akasema imepata moto kama mgonjwa wa malaria. Akaniambia simu ina kitu kinaitwa prosesa, ndiyo akili yake, na ndani ya hiyo akili kuna kama wafanyakazi wanane. Wanne wakubwa wa kazi nzito, wanne wadogo wa kazi nyepesi. Kama hakuna kazi nzito, wakubwa wanalala ili betri ipone. Akasema prosesa nzuri si ile inayochoka sana, ni ile inayojua kupumzika, na yangu hailali kwa sababu nimeijaza apu zinazofanya kazi kichinichini. Nina apu tatu za kulinda betri. Akataka kuzitoa. Nikamnyang'anya simu kwa heshima.

Ala! Wafanyakazi wanane na wanne wanalala? Kwa betri yangu? Mimi nimelima chai miaka yote hii, wachumaji wangu hata kukaa chini siwaruhusu. Phelix, kiongozi wa wachumaji wangu, akiinama kufunga kamba ya kiatu namhesabia. Na kumbe mfukoni nabeba wavivu! Nimetafuta mpaka nikapata apu inayowaamsha wote wanane wafanye kazi mchana kutwa bila kupumzika. Nimeiwasha. Kesho Kipkurui atanitambua.

Jumatano, 7 Mei

Imekufa kabla ya saa tatu.

Lakini kabla ya kufa ilikuwa na kasi! Na moto. Iliniunguza paja nikiwa kwenye mkutano wa maji, nikaruka, watu wakadhani naunga mkono hoja. Sasa nimechaguliwa kuchimba mtaro.

Nyumbani nimeifunga kwenye karatasi ya nailoni nikaitia ndani ya sufuria ya maji baridi, pale mke wangu Chelimo anapopoza maziwa. Akaja, akaangalia sufuria, akaniangalia, akatoa maziwa yake akaenda. Mwanamke ambaye haulizi ni mwanamke ambaye anajua kitu.

Basi alipoenda kukamua nikachukua simu yake. Kabambe pia, kamezungushiwa raba. Nikaangalia waliompigia. Ogola. Ogola. Ogola. Wiki nzima ni Ogola!

Ogola ndiye dereva wa lori ya majani. Mtu mrefu wa kutoka kule ziwani, meno meupe, kila mama hapa anamwita "shemeji." Dereva wa lori anataka nini kwa mke wangu kila siku? Kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga hawakuwa wajinga. Kumbe betri ni jambo dogo. Wanaimaliza betri ili nisijue yanayopita.

Sijakula chakula cha jioni. Nimekula kidogo tu, ugali na sukuma na maziwa ya mursik vikombe viwili.

Alhamisi, 8 Mei

Mtego. Nimeiweka simu jikoni nyuma ya debe la unga, inarekodi sauti tangu asubuhi, nikaenda zangu shambani kuwasimamia Phelix na wenzake.

Jioni nimesikiliza. Kuna ng'ombe. Kuna birika. Kuna Chelimo anaimba wimbo wa kwaya sauti ya pili. Halafu simu yake inalia, anasema, "Haya, nimesikia, nawaambia sasa hivi," na hapo hapo betri yangu ikaisha! Hapo hapo! Nani alichagua dakika hiyo?

Na leo lori ilikuja mapema sana. Nilipofika sentaa nikiwa mwisho kabisa, na matope mpaka magotini, kila mtu alikuwa ameshapima. Hata Phelix, niliyemwacha shambani nikienda kuitoa simu jikoni na kuitafutia chaji, alikuwa pale na majani yangu. Nikamwuliza nani alimwambia. Akasema mama. Nikamwuliza Chelimo yeye aliambiwa na nani. Akasema, "Nilisikia tu, Baba Chepkirui."

Alisikia tu! Na mimi masikio yangu ni ya mapambo?

Ijumaa, 9 Mei

Nimemkabili Ogola mwanaume kwa mwanaume. Nilimngoja kwenye kona yenye matope ambapo lori lazima ipunguze mwendo. Nikamwuliza ana shughuli gani na nambari ya mke wangu.

Hakushtuka. Akazima injini, akavua kofia, akaniambia pole pole: "Mzee, wewe nikikupigia hupatikani. Mama Chepkirui ndiye anashika, anazunguka kwa nyumba za watu anawaambia. Hata kwa mvua. Aliniomba nisiseme kwa watu."

Jibu limenyooka sana. Jibu la kweli huwa na kigugumizi kidogo. Hilo walilifanyia mazoezi.

Hata hivyo kesho ndiyo kesho. Mwenyekiti wetu mgonjwa ametuma neno: kabla ya kupiga kura, Ogola atatupigia mimi na Kipkurui kutoka kiwandani, watu wote wakisikiliza. Simu itakayoita ndiyo itaonyesha kiongozi. Kama sipati hiki kiti nitapitaje mbele ya Kipkurui? Nitahamia Sigor!

Lakini nimepata dawa. Ndani ya simu kuna alama ya ndege. Ukiibonyeza, betri haishuki hata kidogo, ni kama imefungiwa kwenye sanduku. Nimechaji mpaka mia, nikabonyeza ndege. Hakuna mtu wa kuninyonya sasa. Mjanja mimi!

Jumamosi, 10 Mei

Mia kwa mia! Niliinua simu juu mbele ya wakulima wote, skrini inawaka kama jua la Januari, nikamzungushia kila mmoja aone. Hata wazee walitikisa kichwa. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza viatu vya kuvaa siku ya kuapishwa.

Ogola akapiga. Tukasikiliza. Kimya. Akapiga tena. Kimya. Mia kwa mia na kimya! Watu wakaanza kukohoa kile kikohozi cha kanisani.

Akampigia Kipkurui. Ikaita, naam, lakini iliita nyumbani kwake, kwa sababu simu isiyohitaji chaji amezoea kuiacha kwenye msumari ukutani. Mke wake alikuja mbio, kashika simu mbele kama mkaa wa moto. Nikacheka peke yangu.

Halafu ikalia simu nyingine. Ndani ya aproni ya Chelimo, pale kwenye mizani, mikono yake imejaa majani. Ogola alipokosa watu wawili alifanya alivyozoea. Chelimo akashika kwa bega, akasema wote tuko hapa, leta lori.

Watu wakaangaliana. Na nani akasimama? Kipkurui! Akasema: "Huyu ndiye amekuwa akigonga mlango wangu na mvua wiki mbili. Sisi tunapiga kura ya nini?"

Mikono yote ikainuka. Hata wa Phelix, na hana hata shina moja la chai. Mimi niliinua wangu mwisho, na nusu.

Nimeumia. Naandika ukweli, nimeumia sana. Mpango wa Kipkurui umenishinda, ingawa bado sijaujua ni mpango gani.

Jumapili, 11 Mei

Kanisani nimesalimiwa kama "bwana wa mwenyekiti." Pasta mwenyewe. Nimetabasamu mpaka mashavu yakauma.

Baada ya chakula Chelimo akaketi karibu yangu. Kwa kawaida hakai, kazi ni nyingi. Akasema, "Nilikuwa nazunguka kwa nyumba za watu ili usiaibike. Sikutaka kiti. Lakini kama wamenipa, nisaidie."

Nikamwambia nitamsaidia, na nilimaanisha. Mke kama huyu hapatikani Bomet nzima wala Kericho. Nikamshika mkono hata, mchana, mlango ukiwa wazi.

Lakini hakueleza jambo moja. Simu yake hachaji. Wiki nzima sijaiona kwenye waya. Inapata wapi nguvu?

Jumatatu, 12 Mei

Mvua kubwa. Chelimo ameenda kuchuma na Phelix na wenzake kule chini mtoni. Hakutaka simu iloweke, ameiacha mezani. Amesema Ogola akipiga nishike, nisimame kwenye kilima niwaite, wao watawahi. Majani ya asubuhi yako kwenye magunia, ya kila mtu. Ni siku yake ya kwanza, amesema, na ananitegemea. Nikasema kongoi, yaani asante, mwenyekiti wangu, usijali.

Nafasi kama hii haiji mara mbili. Nimetoa raba. Nimefungua mgongo kwa kisu cha kumenyea viazi. Nimetoa betri, nimeipima mkononi, nyepesi kama biskuti. Nimechungulia ndani kwa tochi ya simu yangu. Hakuna wafanyakazi wanane. Naona labda mmoja tu, na nahisi amelala! Nimeigeuza juu chini, nimeinusa, nimeiweka sikioni. Lazima kuna siri. Nitaitafuta hata kama ni mpaka jioni.

Ngoja. Nini hiyo inanguruma barabarani?

Ni lori! Imepita sentaa bila kusimama, inarudi kiwandani tupu. Na simu haijalia hata mara moja, nimekaa nayo tangu asubuhi, betri yake iko hapa mkononi mwangu. Nilisema na sikusikilizwa. Huyo Ogola si mtu wa kuaminiwa.