Sekunde Sita za Daktari Awoi

Jumatatu, 3 Februari 2025
Daftari langu, kuna habari. Daktari Awoi, mtaalamu wa nyota pale chuoni Lodwar ninapolinda geti, amekieleza kikundi chetu cha kutazama anga jambo la ajabu. Alhamisi, saa moja na dakika kumi jioni, jiwe kubwa la angani litapita mbele ya nyota moja. Nyota itazimika sekunde sita, iwake tena. Zikipimwa kutoka sehemu mbili, atajua umbo la jiwe. Amengoja miaka minne. Yeye atapima hapa. Mwalimu Mabior, yule katekista wa kambi ya wakimbizi, atapima kule Kakuma. Kwa nini Mabior? Mimi ni mzee wa kanisa! Na ratiba haina maombi. Nimeona nafasi yangu.

Jumatano, 5 Februari
Nimemwambia daktari shughuli isiyofunguliwa kwa maombi huharibika. Akasema sawa mzee, saa kumi na mbili na nusu, dakika moja, halafu kimya. Dakika moja! Mabior ndiye husema amina kabla hujainamisha kichwa. Mimi si Mabior. Tena saa hiyo watu watakuwa bado wanatafuta viti. Nitachelewa kidogo, mkuu wa chuo afike kwanza.

Alhamisi, 6 Februari
Ee Bwana, nisamehe.
Mkuu alifika saa moja na dakika saba. Nikasimama. Tuombe. Wote wakainama, hata daktari. Akaiachia darubini, maana kwetu hakuna anayeshika mashine mtu akiomba. Na upepo wetu unajulikana, husukuma darubini: nyota lazima irudishwe katikati kila mara. Nikaombea chuo. Kaunti. Mvua. Wagonjwa wa Lorugum. Mbuzi. Nilipofika kwa madereva wa malori wa Kalemng'orok, mtu akakohoa. Nikadhani ameguswa.
Amina. Saa moja na dakika kumi na mbili.
Nyota ilikuwa inawaka vizuri tu, kama haijawahi kuzimika. Kwenye picha za darubini, giza tupu: upepo ulishaitoa nyota nje ya picha.
Daktari hakupaza sauti. "Mzee Lokwang, ulikuwa unaomba nini muda wote huo?"
"Kwamba tuione, daktari."
Akaanza kukunja meza. Nilimbebea. Sikuweza kumtazama.

Ijumaa, 7 Februari
Sijala. Geti nimelifungua na kulifunga bila kuinua uso. Daktari akapita, akanisalimu, ejok mzee, kama siku zote. Hiyo ndiyo iliniumiza. Akasema Mabior amezipata sekunde, zote sita. Nikauliza, hakuomba? Akasema aliomba saa kumi, akamaliza, akakaa kwenye darubini. Lakini kwa kipimo kimoja, jiwe linajulikana upande mmoja tu. Upande wa pili nimeupoteza mimi. Nimemshukuru Mungu kwa ajili ya Mabior, ingawa ilichukua muda.

Jumapili, 9 Februari
Nimeungama kwa wazee wenzangu. Wakanishauri niwe naomba kwa ufupi. Nimeliombea hilo, karibu saa nzima.
Jiwe litapita mbele ya nyota nyingine Oktoba. Daktari na Mabior watapima pamoja, Kakuma. Niliapa sitakanyaga huko, nisiwaharibie tena. Lakini lazima mtu aombe toba kwa yale ya Lodwar, na Mabior hawezi, hakuwepo. Nimeshayaandika maombi hayo. Kurasa nne. Nimetumia herufi ndogo zienee kwenye mbili, daktari akiona asishtuke.