Visanduku Viwili vya Mwaka

Jumatatu, 4 Machi
Daktari Liao anataka dodoso la utafiti wa wazee wanaoanguka majumbani. La Dada Kuo, mwenzangu hapa hospitalini, la usingizi, lilikuwa ukurasa mmoja. Lilisifiwa mkutanoni mara tatu, nilihesabu. Langu limefika kurasa mbili na nusu. Nimekata mistari, nimepunguza herufi. Mwaka wa kuzaliwa nimeupa visanduku viwili badala ya vinne. Ukurasa mmoja kamili! Dada Kuo ameuliza kama wazee wataziona herufi hizo. Wivu tu.

Jumatano, 6 Machi
Wazee sitini wamejaza. Mmoja ameandika 31. Ni 31 ya kalenda yetu ya Jamhuri, inayoanza kuhesabu 1912, yaani 1942, au ni 1931? Miaka kumi na mmoja katikati! Waliotimiza themanini na tano watapewa mazoezi ya kukaa kitini. Wengine watapanda ngazi. Kuanzia Jumanne. Nimepitia fomu zote, hali ni ile ile. Wali wa bata mzinga umepoa mezani. Daktari asijue.

Alhamisi, 7 Machi
Njia imepatikana. Kwetu kila mwaka una mnyama wake, na kila mzee anamjua wa mwaka aliozaliwa. Wa 1942 ni Farasi, wa 1931 ni Mbuzi. Nawapigia simu kimyakimya. Kumi na wanane wamejibu vizuri. Wa kumi na tisa, Bibi Tseng. Nikasema napiga kutoka hospitali, naomba tu mnyama wake.
"Mjukuu wangu," akasema kwa upole, "wiki jana mwenzako aliniambia mwanangu ametekwa. Leo mmehamia kwenye wanyama?"
Nikaapa mimi si tapeli. Akasema wote huapa hivyo, akanishauri nitafute kazi ya halali, akakata.

Ijumaa, 8 Machi
Polisi wawili ofisini. Bibi Tseng aliwapa namba niliyopigia. Nimemweleza Daktari yote, visanduku na farasi. Hakufoka. Heri angefoka.
"Bwana Hsieh," akauliza, "na kama mmoja wao angeanguka ngazini?"
Dada Kuo ndiye aliyesema mazoezi yasogezwe, wazee waje upya na vitambulisho. Akapiga simu zote yeye. Wakamwamini.

Jumanne, 12 Machi
Wamekuja. Bibi Tseng kwa fimbo, hatua fupifupi. "Mbuzi," akaniambia kabla sijafungua mdomo. Tisini na tatu. Kwenye orodha yangu nilimkisia wa 1942, nikampanga ngazini. Nikaenda msalani, nikakaa humo muda mrefu.

Alhamisi, 14 Machi
Nimepewa nafasi nyingine: dodoso la meno ya watoto. Daktari ameagiza lijaribiwe kwanza kwa watu watano. Dada Kuo naye anaandaa la kwake, la macho, na atalikabidhi kesho mchana. Siwezi kumwacha atangulie. Nimelijaribu usiku huu huu, mara tano, mimi mwenyewe. Hakuna aliyekwama.