Mwanzilishi Halisi wa Timu ya Wavu ya Wasichana

Jumatatu, 4 Machi

Simu kutoka chuoni! Mkutubi anaandika kitabu: historia ya timu ya wasichana ya mpira wa wavu, miaka arobaini kamili. Ameomba wazee waliokuwepo wapeleke kumbukumbu zao maktaba siku ya Ijumaa. Kanipa shikamoo mbili katika simu moja. Anajua anazungumza na nani.

Kwa kweli hajui. Nilikuwa mtunza stoo. Mifagio, chaki, balbu, mipira. Na kila timu ilipocheza niliketi kwenye kimeza changu kando ya uwanja, nikaandika pointi. Miaka kumi na tisa. Sikukosa mechi hata moja, hata ile ya wiki niliyooa. Marehemu mke wangu hakuisahau wiki hiyo.

Nikamuuliza sura ya kwanza inamtaja nani kuwa mwanzilishi. Akasema bado hajapata jina. Bado! Nafasi iko wazi kama viti vya mbele kwenye mkutano.

Miaka arobaini na sita nimeishi katika mji huu, na mtaani bado wananiita Mgeni. Nilikotoka hakuna tena anayenijua. Hapa wananijua kwa kutoka huko. Lakini mtu aliyeanzisha kitu mahali hawezi kuitwa mgeni wa mahali hapo. Nimeamua. Mwanzilishi ni mimi.

Jumanne, 5 Machi

Habari mbaya. Dereva naye kaitwa.

Huyu aliendesha lori la chuo, na tangu wakati huo anajiona alikuwa rubani. Nimemkuta kwa kinyozi. Bila haya, povu likiwa shavuni, kadai yeye ndiye aliyeanzisha timu: bila lori hakuna mechi za ugenini, na bila mechi za ugenini timu ya nini? Nikamwambia kwa hesabu hiyo mwanzilishi ni tairi. Kinyozi alicheka hadi wembe ukamgusa Dereva sikio.

Dereva akasema, haya Mgeni, cheka tu, Ijumaa haiko mbali. Yeye ana picha.

Picha! Nimerudi nyumbani nikitembea haraka kuliko daktari anavyoniruhusu.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda kwa Dereva kwa kisingizio cha kuazima ngazi. Picha iko sebuleni, juu ya televisheni, na imefutwa vumbi leo leo. Wasichana sita wamesimama juani na sare zao zisizolingana. Katikati, Dereva, ameukumbatia mpira kama aliuzaa.

Mimi simo. Nikasogea karibu. Kumbe nimo! Ukingoni kulia kuna kiwiko na kalamu. Kiwiko changu kabisa, na shati langu la mistari. Nikamwonyesha. Akasema kiwiko hakina jina. Nikapendekeza maelezo chini ya picha: mwanzilishi yuko kulia, nje kidogo. Akaniuliza kama ngazi naitaka au siitaki.

Nimerudi na ngazi nisiyoihitaji. Binti yangu ameuliza ya nini. Nimemwambia mambo ya historia.

Alhamisi, 7 Machi

Picha hushindwa na maandishi. Msomi yeyote anajua hilo, na mimi nimesoma kuliko Dereva na lori lake.

Chini ya kitanda nina sanduku la madaftari yangu ya pointi, kumi na tisa, moja kwa kila mwaka. Hayamfai mtu, ni pointi tupu. Lakini karatasi ni za wakati ule. Nimechomoa ukurasa mtupu mwishoni mwa daftari la kwanza, nikaandika kwa mwandiko wa kiofisi: Mechi ya kwanza ya timu ya wasichana. Mwanzilishi na kocha, kisha jina langu lote, na la babu.

Halafu matokeo. Hapa nilisita. Mechi yenyewe naikumbuka: vumbi, upepo, wale wasichana wakikimbilia mpira wote sita kwa pamoja. Nimewapa ushindi. Seti mbili kwa bila, ishirini na tano kwa kumi na tisa, ishirini na tano kwa ishirini na mbili. Ningeweza kuwapa zaidi, lakini mwanahistoria lazima ajizuie.

Karatasi ilionekana mpya mno, nikaipiga pasi. Binti akapita, akasema baba, hiyo pasi ina moto sana. Kweli, kona imeungua. Imezeeka miaka kumi ya ziada. Kazi safi.

Ijumaa, 8 Machi

Niandike haraka kabla sijapata njia ya kuisimulia vizuri.

Maktaba. Mkutubi, mwanamke kijana mwenye penseli nyweleni. Dereva, suti, picha yake ndani ya taulo. Na Nahodha! Sikumtarajia. Nahodha wa kwanza wa timu, sasa muuguzi mkuu mstaafu, bado mrefu kama mlango. Akanisalimia Bwana Stoo, akauliza kama bado natoa vitu kwa saini tu. Wote wakacheka. Nami nikacheka, bila kujua tunacheka nini.

Nikatoa karatasi. Mkutubi akavaa glovu nyeupe ili aishike! Glovu! Dereva akakunja taulo lake polepole. Nilikuwa nimeshinda.

Kisha Nahodha akaomba aione. Akaitazama kwa muda mrefu. Mabega yakaanza kutikisika. Akavua miwani, akaniuliza taratibu, kama anavyoulizwa mgonjwa panamuuma wapi, siku zile seti ilikuwa inaisha pointi ngapi. Nikamjibu ishirini na tano, nani asiyejua?

Halafu nikakumbuka.

Kumi na tano! Siku zile seti iliisha kumi na tano, na pointi ulipata pale tu timu yako ilipokuwa ndiyo inayoanzisha mpira. Ishirini na tano ililetwa miaka mingi baadaye, na mimi mwenyewe niliandika barua ya kuipinga! Ni hii televisheni. Kila Jumamosi naangalia mechi za siku hizi, zimeniharibu kichwa.

Dereva alicheka hadi akatafuta kiti. Nahodha yeye alikuwa ameacha kucheka. Akasema ile mechi tulifungwa, kumi na tano kwa nne, na kumi na tano kwa mbili. Akasema hii ndiyo mara ya kwanza tumeishinda. Alikuwa bado anaitazama karatasi.

Na Mkutubi, ana macho huyo, akaigeuza, akagusa matundu ya uzi ukingoni, akauliza kwa upole imechomolewa kwenye daftari gani.

Jumamosi, 9 Machi

Wamekuja nyumbani. Mkutubi na Nahodha. Binti, msaliti, kawakaribisha, kawawekea chai na kulivuta sanduku yeye mwenyewe.

Mkutubi aliketi sakafuni chumbani kwangu katikati ya madaftari, na kwa saa nzima akafunua kurasa. Kila mechi imo. Nani alianzisha mpira, nani aliteguka kifundo, upepo ulitoka upande gani. Akasema chuo kilipohamia majengo mapya, makaratasi yote ya michezo yalitupwa, na uwanja wenyewe sasa ni maegesho ya magari. Hakuna kumbukumbu nyingine yoyote ya miaka hiyo. Nikamwambia hizo ni pointi tu, dada, tuzungumzie kuanzishwa kwa timu.

Basi akafungua ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza. Mwandiko wangu: Wavu mmoja umetolewa stoo. Umesainiwa na mwalimu wa michezo. Na tarehe.

Nahodha akaweka kidole kwenye tarehe. Akasema kufikia siku hiyo timu ilikuwa na wiki tatu. Kisha akasimulia yote, mbele ya binti yangu! Wasichana sita walikuja dirishani kwa mtunza stoo kuomba wavu. Mtunza stoo akawaambia wavu hautoki bila saini ya mwalimu wa michezo. Wakamwambia wasichana hawana mwalimu wa michezo. Akawaambia basi wakamtafute, akafunga dirisha. Wakachukua kamba ya kuanikia nguo bwenini, wakaifunga nyuma ya jiko, wakaning'iniza vitambaa vyao vya kichwani ili ijulikane mpira umepita juu au chini. Wiki tatu wakacheza hivyo.

Kamba naikumbuka. Vitambaa pia, kimoja kilikuwa cha manjano. Nilikuwa nawatazama kila jioni kutoka stoo. Nilichokuwa nimesahau ni kwamba sababu ilikuwa mimi.

Mkutubi alikuwa anaandika mbio. Nikauliza kama hilo nalo lazima liingie. Akasema mzee wangu, si ndiyo historia yenyewe?

Kwa hiyo kitabuni nitakuwemo. Mtu aliyewanyima wavu. Heri Mgeni.

Jumatatu, 11 Machi

Mpango mpya. Mashahidi wote wengine wako mbali au wamesahau. Aliyebaki ni Nahodha, na Nahodha anaishi peke yake katika nyumba yenye dari ya juu. Nani ana ngazi?

Nimekwenda kumbadilishia balbu. Amefurahi. Amenishikia ngazi mwenyewe. Nikiwa juu kabisa, mahali ambapo mtu mwenye utu hawezi kukukatalia, nikamwomba hadithi ya kamba ipunguzwe makali. Labda stoo ilikuwa na mafuriko. Labda wavu ulikuwa na panya.

Akacheka. Akasema miaka thelathini hospitalini amewaambia watu waseme ukweli panapowauma, haanzi leo kuficha. Kisha akauliza, bado ameishika ngazi: ile saini ya mwalimu wa michezo ni ya nani? Maana mwalimu wa michezo wa wasichana hakuwepo mwaka ule, wala mwaka uliofuata.

Nikazungusha balbu kwa makini.

Akasema ameitazama Jumamosi, na ile herufi ya mwisho inayojikunja kama mkia wa mjusi anaijua. Ndiyo iliyofunga kila ukurasa wa pointi zao. Akasema, Bwana Stoo, ulisaini mwenyewe.

Nimeshuka ngazi. Ndiyo, nilisaini! Siku ya ishirini na mbili, yule wa kitambaa cha manjano alianguka kwenye kamba ile, ikamkata shingo. Si sana. Nikatoa wavu. Lakini mtunza stoo aliyeghushi saini ni mtunza stoo gani? Mimi niliwahi kumnyima mkuu wa chuo balbu!

Nahodha amesema hilo nalo atalisema. Nimemsihi. Amenipa ndizi nikale njiani.

Jumatano, 13 Machi

Nimempigia Mkutubi. Nimemwambia saini itolewe kitabuni, nami nitakubali lile la kuwanyima wavu. Liandikwe hata kwa herufi nzito. Kunyima kulifuata taratibu. Saini ni fedheha. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika kwamba nataka libaki baya, litoke zuri. Nikamwambia yeye ni kijana, stoo haijui.

Akasema amesikia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia kucheka. Sikuipenda.

Jumamosi, 15 Juni

Kitabu kimezinduliwa. Ukumbi wa chuo, viti vya plastiki, kipaza sauti kinachokoroma. Wale sita sasa ni watano. Walikaa mstari wa mbele na kuacha kiti kimoja katikati, na juu yake kitambaa cha manjano.

Nahodha akasoma ukurasa wa tatu. Nimeunakili hapa neno kwa neno:

"Timu hii ilianzishwa na wasichana sita na kamba ya nguo. Mtunza stoo aliwanyima wavu wiki tatu. Siku ya ishirini na mbili alitia saini isiyokuwa yake, akautoa. Kisha akabeba meza na kalamu, akaketi kando ya uwanja miaka kumi na tisa. Kila tunachojua kuhusu timu hii tunakijua kwa mkono wake."

Wenzake wanne wakasimama, wote watano wakanigeukia, wakapiga makofi. Halafu ukumbi wote. Dereva naye, sitamdhulumu, alisimama. Baadaye akaniuliza ngazi yake iko wapi.

Nilitazama viatu vyangu. Binti alinishika mkono. Wakati wa kutoka mama mmoja nisiyemjua alimwambia mwanawe, msalimie huyu mzee, huyu ni wa hapa.

Sina la kuongeza leo.

Jumapili, 16 Juni

Nimelala vizuri, nimeamka na akili safi.

Nimeusoma ukurasa wa tatu mara kumi na moja. Jambo liko wazi, nashangaa Mkutubi hakuliona. Kama ningewapa wavu siku ya kwanza, wangecheza jioni moja, wachoke, warudi bwenini. Ni kunyimwa kulikowapa ukaidi, na ukaidi ndio timu. Niliwanyima nani? Mimi. Kwa hiyo mwanzilishi ni nani? Wamekiri wenyewe kwa maandishi! Nimeandika barua ya kurasa nne kuomba marekebisho katika toleo la pili. Saini zinazounga mkono nimezikusanya mwenyewe, tano, bila kumsumbua mtu.

Mchana Mkutubi amepiga simu kunishukuru tena. Kapitiwa akataja kwamba kitabu kinachofuata ni historia ya kwaya ya chuo, na kwamba hadi sasa hajajua aliyeianzisha.

Binti ameniuliza tangu lini mimi nikaimba. Nimemwambia anyamaze kidogo, ninakumbuka.