Printa Isiyopokea Kidogo

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa karakana ametukabidhi printa ya lebo za chupa za damu, ya maabara ya hospitali. Tujaribu draiva yake, ile programu inayoipelekea printa maagizo ya kompyuta. Atakayefanya vizuri atakuwa kiongozi wa wajaribu. Tuko wawili: mimi na shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye kazi hii nilimtafutia mwenyewe. Nilijipalia makaa.

Nyumbani nimetangaza kuwa nimepewa draiva. Mama mkwe akauliza ni ya gari gani.

Jumanne, 5 Machi
Printa ina maringo. Data kidogo haiitaki. Ukiipelekea chini ya herufi hamsini na kitu, inanyamaza, inangoja mzigo utimie. Draiva ndiyo inayopaswa kujazia nafasi tupu ili hata lebo fupi itoke.

Shemeji kaanza na herufi moja, kisha mbili, kisha tatu. Hata kinyonga angempita. Mimi nimebandika hotuba nzima ya harusi yangu. Zikatoka lebo chungu nzima, safi. Kazi imekwisha kabla ya chakula cha mchana. Mkuu kanipa mkono.

Jumatano, 6 Machi
Shemeji kanivuta pembeni, kwenye birika la chai. Lebo fupi hazitoki, anasema. Draiva haijazii kitu. Twende wote kwa Mkuu. Nikaona ni hila tupu. Nikamjibu kuwa mgonjwa mwenye jina fupi atafute jina lingine. Hakucheka.

"Shemeji, hizo ni damu za watu," akasema.

Nimemwambia Mkuu kuwa shemeji bado mgeni wa kazi, asimsikilize sana. Maonyesho ya kesho, mbele ya watu wa maabara, ni yangu.

Alhamisi, 7 Machi
Nilivaa tai. Msimamizi wa maabara, mama wa makamo mwenye miwani, hakungoja maelezo. Aliketi kwenye kompyuta akaandika jina la mzee mmoja, kipimo cha sukari. Kimya. Nikasema mashine inajipasha moto. Akaandika la mama fulani, kipimo cha ujauzito. Mzigo ukatimia, maandishi ya wote wawili yakachanganyika. Ikatoka lebo moja: jina la mzee, kipimo cha ujauzito.

Aliisoma mara mbili. "Huyu mzee tumpe hongera au tumpe pole?"

Kisha akavua miwani. Akatueleza kuwa lebo ya namna hiyo, miaka iliyopita, nusura imtie mgonjwa damu isiyo yake. Hakuna aliyenitazama. Nikalegeza tai.

Shemeji akaeleza kasoro bila kunitaja, akaahidi kuirekebisha. Msimamizi akamshukuru yeye.

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji ndiye kiongozi. Mke wangu anasema angalau cheo hakijatoka nje ya ukoo. Nimekula bila hamu.

Jumatatu, 11 Machi
Lebo fupi sasa zinatoka. Kiongozi wetu kanipa mashine mpya, mizani ya watoto wachanga. Hii ni kinyume: data ikizidi kiasi, inazimika. Akaniuliza kwa upole kama yaliyopita yamenifunza kitu. Nikamwambia yamenifunza sana.

Na kweli. Safari hii data kubwa siigusi kabisa. Nitaipelekea herufi moja moja tu, na kesho kufikia saa mbili niwe nimeshampelekea Mkuu matokeo safi, kabla shemeji hajafika.