Mkono Wangu Ulivyolala Ukweni Katito

Aibu niliyoipata leo Katito haina pa kufichwa, kwa hivyo naisema mwenyewe kabla Ouma hajawaambia. (Ouma ndiye alikuwa msemaji wangu. Mdomo wake mnaujua.)

Kwanza kumbukeni kazi yangu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Kisumu. Kila wiki nawafokea watu wa boda wa Manyatta: "Usilale mkono ukining'inia nyuma ya kiti! Utaamka kiganja kimekufa!" Nawafokea na koti langu jeupe, kidole juu.

Leo tulienda kwa kina Achieng kusikia kama mama yake amekubali. Yeye asiposema amekubali, hakuna ndoa. Na si mama rahisi. Mume wake alipatwa na kiharusi, akamuuguza miaka mingi kwa mikono yake mwenyewe mpaka akamzika. Achieng alinionya mapema: "Mama anataka mtu mwenye afya. Hayo mengine hayamsumbui." Nikacheka. Afya? Mimi? Nikanyoa, nikavaa suti, nikajiona simba.

Tukapokelewa vizuri. Tukaletewa samaki, ngege mzima mzima, na ugali, nikala kama sina aibu. Halafu jua la Katito likakaa juu ya mabati, na baba mdogo wa Achieng, Mzee Odera, akasimama kutueleza ukoo wao. Mzee akianza ukoo, anaanzia mwanzo kabisa. Nikaegemea kiti cha mbao, mkono wa kulia nikauning'iniza nyuma ya kiegemeo, kichwa nikakiinamisha kwa heshima.

Nikalala.

Jamani! Kwetu Wajaluo mkwe halali nyumbani kwa mama mkwe. Si kitandani, si kwa kochi, si popote. Na mimi nililala fofofo! Nilimwacha Mzee Odera babu zake wakiwa bado Sudan. Nilipoamka walikuwa wameshafika huku kwao Nyakach, wamejenga, na watu wanasema "Amina!"

Nikaangalia huku na huku. Hakuna aliyenikazia macho, wote walidhani ni unyenyekevu tu. Nimeponea! Mzee Odera akaja mbele yangu, akanyoosha mkono anisalimie kama mkwe.

Nikainua wangu. Mkono ukaja, kiganja kikabaki chini. Kikaning'inia pale kama kitambaa kilicholowa. Nikakiamuru kiinuke. Wapi!

Mzee akakishika, akakiachilia haraka. "Bwana, hiki unachonipa ni kitu gani?"

Nikampa wa kushoto. (Kumsalimia mzee kwa kushoto, tena ukweni! Akili nayo ilikuwa bado haijaamka.) Chumba kizima kikasema "Uwi!"

Mama Achieng akasimama. Uso ulikuwa umembadilika kabisa. "Ni kiharusi," akasema kwa sauti ndogo. "Baba Achieng ilimwanza hivi hivi, kwa mkono." Kisha akapaza sauti. "Hapana! Mtoto wangu hatapitia yale niliyopitia mimi."

Achieng akaanza kulia. Shangazi yake akanishika kichwa, akaanza kukemea pepo. Ouma, msemaji wangu mpendwa, akaangalia mabati. Hapo niliogopa kweli, na si kwa sababu ya mkono. Nilimwona Achieng akinitoka hivi hivi.

"Mama, nitazame," nikasema. Nikatabasamu meno yote ili aone mdomo haujapinda. Nikasimama kwa mguu mmoja, nikabadilisha. Nikakunja kiwiko, nikakinyoosha. "Kichwa kiko sawa. Shida ni neva moja tu ya mkono. Inatoka shingoni, inapita kwapani, inazunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu, hapa. Hapa imelala juu ya mfupa, haina cha kuikinga. Ndiyo inayoinua kiganja na vidole. Ikikandamizwa, kiganja kinaanguka. Haijakatika, Mama. Wenzangu watanipima, na baada ya wiki chache kitainuka."

Nilieleza vizuri! Hata chuoni sikuwahi kueleza hivyo. Mama akaketi, akafikiria.

"Na hapo nyuma ilikandamizwa na nini?"

"Kiegemeo cha kiti, Mama."

"Sisi wote tumekalia viti."

"Ndiyo, Mama."

"Mtu akiwa macho, mkono ukianza kumuuma, si anautoa?"

Ouma akakohoa. Uongo mzuri ulikuwepo mwingi tu wa kuchagua. Lakini mama huyu alikuwa ananiangalia kwa macho ya mtu ambaye ameshalia vya kutosha, nikashindwa.

"Nililala, Mama. Nililala ndani ya nyumba yako."

Mzee Odera akageuka. "Nikiongea?"

"Ukiongea, Mzee."

"Nikiwa nimefika wapi?"

"Sudan."

Mama Achieng akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Kumbe! Kicheko kilimshika mpaka akaegemea meza. "Odera! Tangu niolewe hapa sijawahi kuisikia hiyo hadithi ikifika mwisho. Hata leo mimi mwenyewe nilisinzia!" Shangazi akakiri kwamba na yeye pia. Nyumba nzima ikalipuka.

Alipojipangusa machozi, akaniangalia tena. "Huyu angenidanganya na nisingejua. Ameniambia ya mwili wake, na aibu yake pia ameniambia. Nimekubali."

NIMEPEWA! Vigelegele, mayowe, Ouma anaruka kana kwamba aliongea hata neno moja. Mzee Odera hakuniacha bure, amenitoza mbuzi kwa kosa la kulala. Nitamleta, tena mnono.

Halafu nikawaambia kiganja lazima kifungwe kikiwa kimeinuka. Mama mkwe akaingia jikoni mwenyewe, akatoka na mwiko wa ugali, akaufunga kwa mkono wangu na leso yake nzuri. Nimepiga picha zote za sherehe na huo mwiko. Ouma ameshazituma kwenye grupu, kwa hivyo msijifanye hamjaona.

Jumatatu nitaingia kazini hivi hivi, na watu wa boda wataniuliza nimelalia wapi. Nitawajibu kidole juu, kile cha kushoto. Sasa nyinyi mnaocheka hapo na mikono yote miwili mizima: mmepewa nani?