Kichwa Kisicho na Kasoro

Alhamisi, 12 Juni
Kichwa cha treni kimefika! Kile kidogo cha mfano, cha dizeli, urefu wa samaki sato mkubwa. Mke wangu Skolastika anakiita cha kuchezea. Nimemkanya mara tatu. Nimekikagua saa nzima hapa Buhare. Taa zinawaka. Feni ya juu inazunguka. Ngazi, honi, mlango wa dereva na kishikio chake, vyote vipo. Baba aliendesha kama hiki Tabora miaka ishirini na saba. Sasa yuko Butiama kwa mdogo wangu Ephraim, na tangu Pasaka amenisahau. Ephraim anaitwa kwa jina lake kila siku. Mimi naitwa mgeni! Baba akikiona hiki, atanikumbuka.

Ijumaa, 13 Juni
Balaa. Nimekiangusha nikikipiga picha ya kumrushia Ephraim, roho imuume. Kishikio cha mlango kimekatika. Nimekibandika kwa gundi ya viatu. Skolastika anasema panaonekana. Macho yake mabovu.

Jumapili, 15 Juni
Butiama. Nilikiweka mapajani mwa Baba. Mikono ikaacha kutetemeka! Akauliza, kama mtu anayepokea zamu, nimekikuta na kasoro gani. Nikajibu kwa sauti, Ephraim asikie: hata moja. Akapitisha kidole taratibu, taa, ngazi, magurudumu, mpaka kwenye kishikio. Kikabaki mkononi mwake. Akasema dereva asiyeona kasoro hajakagua, na anayeificha ataua watu. Kisha akatazama nje.

"Mwanangu Mniko angekuwepo angeniambia. Yule alikuwaga hanifichi kitu."

Mniko ni mimi. Nilisimama pale nikimwonea wivu huyo Mniko. Nikasema, Baba, ni mimi. Akanijibu kwa upole kwamba mgeni asimame kidogo pembeni, anaziba mwanga. Ephraim hakucheka. Afadhali angecheka. Nililia nyuma ya zizi, nikamwambia Ephraim ni vumbi.

Jumatatu, 16 Juni
Sikulala vizuri. Lakini kosa nimeligundua: gundi. Leo nimepata nyingine Mwigobero, kwa mafundi wa mitumbwi. Inashika hata mbao iliyolowa. Nimebandika, nikapaka rangi juu yake. Hata Skolastika ametafuta palipovunjika, hakupaona! Jumapili narudi Butiama. Baba akiuliza, nitamwambia hakina kasoro hata moja, na safari hii ataniita kwa jina langu.