Bata Kwenye Masafa Yangu

Ndugu Mwenyekiti wa Chama chetu cha Redio za Ridhaa,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi koo tu linanikwaruza, kwa kushindana na bata.

Unajua mimi hurusha sauti nzima, kwa mtambo wa zamani. Siku hizi wanachama wengi wanarusha nusu sauti: mtambo unakata upande mmoja wa mawimbi ili bendi, yaani eneo letu la masafa, itoshe watu wengi. Kwangu nusu hiyo husikika kama bata mwenye mafua.

Kila jioni nipo hewani nikimtafuta mkwe wangu, aliyehamishiwa kituo cha hali ya hewa mlimani, ambako simu haishiki. Binti yangu yuko naye, na mimba imetimia. Namwita mkwe, anaitika bata. Malalamiko yangu ni haya:

1. Naambiwa sauti yangu inakalia nafasi ya watu wawili. Mwenyekiti, hata mkutanoni nakalia viti viwili, na wewe ndiye huniletea cha pili.

2. Wanadai mtambo wangu unawapigia filimbi masikioni. Refa akipiga filimbi, mchezaji muungwana husimama. Wao wanaongeza mbio.

3. Bata mwenyewe hana adabu. Nikimwambia, "Nyamaza, bata!" ndiyo kwanza anapamba moto. Mke wangu akileta chai huuliza, "Mzee, mgeni wako kasemaje leo?" Juzi alicheka hadi akaimwaga.

Kwa hiyo naomba bendi igawanywe: sisi wa sauti nzima tupewe ukumbi, wao kibaraza. Na kwa kuwa wameridhika na nusu, wapewe nusu kiti, nusu kikombe na nusu kura. Watoto wakiwaamkia waseme "Shika" tu. "Moo" wajazie wenyewe.

Nisalimie wote hapo ofisini, hata mhazini, ingawa naye ni wa nusu.

Wako kwa sauti nzima,
Fundi Saa

Baada ya sahihi: Kabla sijafunga bahasha, shemeji yangu ameingia, akazungusha swichi ya kupokea nusu sauti, ambayo mimi nilidhani ni ya taa. Bata akanyooka, akawa mkwe wangu: "Shikamoo, baba! Mtambo wa huku ni wa nusu. Mbona kila nikikuita unaninyamazisha, eti bata? Umepata mjukuu!"

Nimeitika marahaba, yote. Naomba ufute maombi yangu kuanzia ukumbi hadi "Shika". Wamemsogeza mtoto kwenye kipaza sauti. Amelia kwa nusu sauti, nami nimemsikia mzima kabisa.